Klabu ya kalamu ya wino isiishie Kololo

MWEZI uliopita rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu, alinipigia simu kunipa habari njema. Wamepatikana watu saba hapa Kampala wanaopenda kalamu za wino, na wameamua kuanzisha klabu. Nilifurahi. Kisha akaongeza kuwa mkutano wa kwanza utafanyika hotelini Kololo, siku ya Jumatano saa nane mchana, na kila atakayehudhuria atalipia chakula cha hapo hapo hotelini. Furaha yangu ikapungua nusu.

Nikamuuliza: “Mwalimu, mama anayeuza vitenge Kikuubo atafikaje huko Jumatano saa nane?” Akacheka. “Ssebo,” akasema, “kwani huyo mama ana kalamu ya wino?”

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike leo.

Kwanza tuelewane, ndugu msomaji. Ninaposema kalamu ya wino sina maana ya biro, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita biki. Nasema ile kalamu yenye nibu ya chuma, inayojazwa wino kutoka kwenye kichupa. Waliosoma zamani wanaikumbuka, maana walirudi nyumbani vidole vikiwa vya buluu na mama akauliza sare imepatwa na nini.

Biro nayo siidharau hata kidogo. Aliyeibuni, László Bíró, alikuwa Mhungaria aliyeikimbia Ulaya wakati wa Vita Kuu ya Pili akapata hifadhi Argentina. Ni kazi ya mkimbizi, na sisi tuliowahi kulala upande wa pili wa mpaka hatuwezi kuibeza. Hapa Uganda tunajivunia kalamu za Nice, kutoka kiwanda alichokianzisha marehemu James Mulwana, ambazo watoto wetu wamefanyia mitihani miaka nenda miaka rudi. Biro ina kazi yake, na nitairudia hapo mbele.

Jibu la swali la mwalimu nililitafuta kwa miguu. Jumamosi iliyofuata niliteremka Kikuubo, kile kichochoro ambamo unaweza kudhani mizigo yote ya nchi hii hupitia mabegani mwa wapagazi. Niliwauliza watu wanaonifahamu tu. Mama mmoja muuza vitenge, aliyezaliwa Kisumu wazazi wake wakiwa uhamishoni, alitoa mkobani kalamu ya marehemu baba yake, Parker yenye kofia ya rangi ya fedha. Haijaandika tangu 1994, lakini haachani nayo. Kijana anayefuata vifaa vya umeme Guangzhou alinionyesha Hero na Jinhao alizojinunulia mwenyewe, si za kuuza. Dada aliyerudi kutoka Muscat, alikofanya kazi za nyumbani kwa miaka sita, alipewa kalamu na mtoto wa tajiri wake siku ya kuagana. Hajathubutu kuitia wino kwa kuogopa kuiharibu.

Hao ni watu watatu niliowapata katika muda wa saa moja. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amesikia habari za Kololo.

Nieleze sasa kwa nini jambo hili linanigusa. Baba yangu alikuwa mwalimu. Mwaka 1977, wiki chache baada ya kuuawa kwa Askofu Mkuu Janani Luwum, alituvusha Busia usiku, kama walivyovuka wengi. Kabla ya kuondoka aliandika barua mbili zinazofanana, kwa kalamu yake ya wino. Alieleza kwamba kibanja chetu na nyumba ya vyumba viwili anamwachia jirani avitunze hadi tutakaporudi, na kwamba jirani hana ruhusa ya kuviuza. Wakatia saini wote wawili. Barua moja ilibaki kwa jirani. Nyingine ilivuka mpaka ndani ya Biblia ya mama.

Tulirudi mwaka 1986. Jirani alikwisha kufariki, na ndani ya nyumba yetu aliishi mtu mwingine aliyedai kuwa ameuziwa. Shauri likaenda mbele ya baraza la RC, ambalo siku hizi tunaliita LC. Mjane wa jirani, Mungu amrehemu, akaleta nakala yake. Wazee wakaziweka karatasi mbili mezani, wakatazama mwandiko, wakatazama saini. Mzee mmoja aliyewahi kufundishwa na baba akasema, “Hii herufi ya g ni ya mwalimu. Nimeinakili ubaoni miaka minne.” Shauri likaisha hapo.

Sitaki kumdanganya msomaji. Barua ile ingeandikwa kwa biro ingetuokoa vilevile. Kilichotuokoa ni kwamba baba alikaa chini akaandika, tena nakala mbili, wakati watu wengine walikuwa wakifunga magodoro. Lakini nimeishi na watu wa kalamu kwa muda mrefu, na nimeona jambo moja: mtu mwenye kalamu anayoipenda hutafuta sababu ya kuandika. Baba aliandika kila kitu. Bei ya sukari, siku ya mvua ya kwanza, jina la aliyekopa jembe. Mwenye kalamu asiyoijali husema ataandika kesho.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wafanyabiashara wa mpakani wanalijua hilo kuliko mimi. Mwaka juzi jamaa yangu anayepeleka mchele na kurudi na plastiki aliibiwa simu katika msongamano wa Old Taxi Park. Simu hata hakuililia. Alililia orodha ya watu aliowapa mali kauli, upande huu na upande ule wa mpaka, ambayo yote ilikuwa ndani ya ile simu kwa njia ya ujumbe. Wateja waaminifu walimlipa. Wengine walimuuliza, “Ndugu yangu, ushahidi uko wapi?”

Sheria nayo haikunyamaza. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 inasema mkataba unaozidi pointi 25 za fedha, yaani shilingi 500,000, sharti uwe wa maandishi. Ni kweli kwamba sheria hiyo hiyo inautambua pia mkataba ulioandikwa kwa njia ya kielektroniki. Haijali kama umetumia nibu, biro au simu. Lakini simu ikipotea na hukuhifadhi nakala mahali pengine, utamwonyesha nini hakimu? Karatasi mbili, moja kwako na moja kwa mwenzako, haziibiwi kwa urahisi siku moja mahali pamoja.

Kwa mantiki hiyo, klabu ya kalamu si mchezo wa watu walioshiba. Ikiandaliwa vizuri inaweza kuwa mahali ambapo watu wanarudishiwa tabia ya kuandika mambo yao kwa mkono, kuyatia tarehe na kuyatunza. Ikiandaliwa vibaya itakuwa kikundi cha waheshimiwa wanaoonyeshana Montblanc.

Kampala si ngeni kwa mikutano ya watu wa kalamu. Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere. Alikuwapo Chinua Achebe, alikuwapo Wole Soyinka, na kijana Ngũgĩ wa Thiong’o, wakati huo akiwa mwanafunzi wa hapo hapo, alimpa Achebe mswada wake ausome. Ulikuwa mkutano mkubwa ambao hadi leo tunautaja kwa fahari. Lakini uliitwa mkutano wa waandishi wa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyeandika Kiswahili maisha yake yote, hakuwa na nafasi katika mwaliko wa namna hiyo, na alifariki dunia Tanga mwezi huo huo. Ngũgĩ mwenyewe, aliyefariki mwaka 2025, alikuja kuliandika jambo hilo miaka ya baadaye kama kosa la mkutano ule. Ukichora mpaka wa mwaliko mahali pasipofaa, historia itakukumbusha.

Upande wa pili tunao mfano mzuri. FEMRITE, chama cha wanawake waandishi kilichoanzishwa mwaka 1995, kwa miaka mingi kimekuwa na klabu ya wasomaji na waandishi pale Kamwokya, Jumatatu jioni. Watu huja baada ya kazi, wanawake kwa wanaume, mtu anasoma alichoandika na wenzake wanamkosoa. Hakuna anayeulizwa amevaa nini. Klabu hiyo imedumu kwa sababu siku inajulikana, saa inajulikana, na mlango uko wazi.

Tuangalie na mbali kidogo. Huko Manila, Ufilipino, klabu ya kalamu za wino ilianza mwaka 2008 kwa kundi dogo la watu walioalikwa nyumbani kwa mwandishi Butch Dalisay. Haikuanza na katiba wala mwenyekiti. Watu walikaa, wakatoa kalamu, wakajaribu wino wa wenzao. Leo wanachama wake ni maelfu. Nchi ile nayo, kama yetu, ina watu wengi waliokwenda kutafuta riziki Arabuni na wakarudi.

Basi nina mapendekezo machache kwa mwalimu na wenzake.

Kwanza, siku. Iwe Jumapili alasiri, kuanzia saa tisa. Waliokwenda kanisani watakuwa wamekula, maduka mengi yatakuwa yamefungwa, na anayesafiri na basi la usiku kwenda Nairobi atakuwa bado ana muda. Jumatano mchana ni ya watu wenye mishahara.

Pili, mahali. Iwe sehemu ambayo mtu anaweza kufika kwa miguu kutoka vituo vya mabasi na teksi. Napendekeza maeneo ya National Theatre, au popote katikati ya mji penye meza, kivuli na maji. Maji ni lazima, nitaeleza sababu. Chakula kiwe chai na rolex. Mgeni asishtuke: rolex ya Kampala ni chapati iliyoviringishwa na mayai, si saa ya mkononi. Mji ulioweza kulichukua jina la saa ya matajiri ukalipa chakula cha kila mtu hauwezi kushindwa kuitoa kalamu ya wino hotelini.

Tatu, lugha. Kila mtu aandike kwa lugha yake. Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, lakini sote tunajua bado wapo wanaokisikia na kukumbuka bunduki na vizuizi vya barabarani. Kwetu tuliolelewa Kisumu, Eldoret au Mwanza, Kiswahili ni lugha ya shule na ya majirani waliotupokea. Ukurasa wa Kiswahili ulioandikwa kwa mwandiko mzuri, ukawekwa mezani kando ya ule wa Kiluganda na ule wa Kiacholi, utafanya kazi ambayo hotuba nyingi hazijaifanya.

Nne, ukarabati. Hili ndilo litakalowaleta watu. Kalamu ya yule mama wa vitenge huenda haina ugonjwa wowote ila wino uliokaukia ndani. Tiba yake ni maji ya kawaida yasiyo ya moto, uvumilivu wa siku moja au mbili, na bomba la sindano lisilo na sindano kwa kusukuma maji taratibu. Usitumie spiriti, maana inaweza kuharibu plastiki ya kalamu za zamani. Na usimpe fundi asiyeijua kazi hiyo. Kalamu ya baba yangu niliipeleka kwa fundi mmoja wa vichochoroni, akaishika nibu kwa koleo. Tangu siku hiyo inakwaruza karatasi kama kucha ya kuku. Ningekuwa na klabu wakati ule, mtu angenizuia.

Tano, ukurasa mmoja. Kila mkutano, kabla ya kuondoka, kila mtu aandike ukurasa mmoja wa jambo lake la kweli, nakala mbili. Aliyerudi aandike alikoishi, aliyempokea na alichoacha. Mfanyabiashara aandike nani anamdai na nani anadaiwa naye. Asimwonyeshe mtu kama hataki. Atie tarehe na saini, aende nao nyumbani. Wazee wetu waliovuka Busia, Malaba na Mutukula wanazidi kupungua, na kila anayeondoka anakwenda na majina ya watu na mahali ambayo hayakuandikwa popote.

Sita, watoto. Kila mwanachama aje na kijana mmoja, awe wake au wa jirani. Kalamu ya wino haitaki kukandamizwa. Inafundisha mkono kwenda polepole, na mkono ukienda polepole, fikra nazo hupata nafasi ya kupumua.

Najua wafanyabiashara wenzangu wamekwisha kuanza kupiga hesabu. Katoni moja ya kalamu kutoka Nairobi itakuwa shilingi ngapi? Hakuna ubaya, lakini nawakumbusha mambo mawili. Cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kile cha mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya. Kalamu ya China haigeuki kuwa ya Kenya kwa sababu imelala usiku mmoja Nairobi. Ilipie ushuru wake. La pili, bandia ni nyingi, na katika klabu hii mteja wako ndiye atakayekuwa ameketi mbele yako Jumapili ijayo. Kwa sababu hiyo naomba saa ya kwanza ya mkutano isiwe na biashara kabisa. Baada ya hapo kila mtu na soko lake.

Kwa wasafiri nina ushauri mmoja wa bure. Kalamu ya wino iliyojaa nusu ina hewa ndani, na hewa hiyo hupanuka unapopanda juu. Basi linalotoka Mombasa huanzia usawa wa bahari, na barabara ya Timboroa ipo zaidi ya meta 2,500 juu. Ndege ya Dubai nayo ni vivyo hivyo. Ndiyo maana wengi hufika Kampala na doa la buluu mfukoni, wakalaumu kalamu. Safiri ikiwa imejaa kabisa au ikiwa tupu kabisa, nibu ikitazama juu.

Na ile biro niliyoahidi kuirudia: usiiache. Kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni kinahitaji kukandamizwa, na nibu haikandamizwi. Aidha, wino wa buluu unaofulika haufai kwa mkataba, maana tone la maji linatosha kuufuta. Kwa karatasi za kutunza nunua wino usiofutika kwa maji, na kaunta buku yenye karatasi nzito isiyonyonya wino hadi upande wa pili. Mambo kama haya mtu hujifunza kwa mwenzake mezani, na hiyo peke yake ni sababu ya kutosha kukutana.

Kuna watakaosema nchi ina matatizo makubwa kuliko nibu. Karo za shule zinapanda, wafanyabiashara walifunga maduka Aprili 2024 kwa ajili ya mfumo wa risiti za kielektroniki, na mimi nazungumzia kichupa cha wino. Nawajibu hivi: mfumo ule unataka kila mauzo yaandikwe. Mtu aliyezoea kuandika mwenyewe, kila jioni, alichouza na alichokopesha, hamwogopi sana mkaguzi, na akionewa anayo ya kuonyesha. Asiyeandika kitu husimuliwa biashara yake na watu wengine.

Nimempigia mwalimu mara mbili tangu ile Jumamosi ya Kikuubo. Amekubali siku iwe Jumapili, na chakula kiwe chai na rolex. Kuhusu mahali bado tunabishana, kwani ameshalipa malipo ya awali hotelini na hataki hasara. Nimemwambia hasara ya malipo hayo ni ndogo kuliko ya kuwakosa watu watatu niliowakuta Kikuubo kwa saa moja, na wale ambao sikupata muda wa kuwauliza.

Yule mama wa vitenge ameahidi kuja popote patakapoamuliwa. Ameniuliza swali moja tu: je, anaruhusiwa kuja na kalamu isiyoandika? Nimemjibu kwamba hiyo ndiyo tunayoingojea.